Meza, Kisha Sema

Wiki hii nilimpeleka mke wangu hospitali moja huku Msambweni. Mimi macho yangu hayakosi kitu, yashinda ya mwewe. Nikaona foleni ya wanaoacha unga, ile heroini. Kila mmoja anywa methadoni, dawa ya kuwaachisha, mbele ya nesi, kisha lazima aseme neno, ijulikane amemeza.

Jamaa mmoja mrefu alikaribia dirisha. Mwenzake wa nyuma akamnong'oneza, nami nasikia:

"Ifiche mdomoni, bwana. Nje nina mtu ataka kuinunua."

"Na mimi je?"

"Wewe rudi maskani, unga upo. Tumekukosa."

Yule mrefu akanywa, akajifuta midomo kwa kiganja.

"Haya, sema," nesi akamwambia.

Wallahi, alitoa sauti mpaka watu wa kule Kona ya Musa wakageuka. "Shikamoo, mama! Nimemeza! Na kesho naja kumeza!"

"Marahaba, baba. Mimi si kiziwi."

"Sikuambii wewe, mama."

Nesi akamtazama yule wa nyuma. "Njoo na wewe. Kwa sauti hiyo hiyo."

Wako wasemao methadoni ni kubadilisha ulevi tu. Mimi sijashindwa na ubishi tangu nizaliwe, na nawaambia: nendeni mkasimame kwenye foleni ile, msikilize.