Kamera Mbili za Mpiga Video

Mpiga video wa mtaa wa reli, hapa Kamina, hupangusa lenzi kwa upindo wa shati kila anapozungumza. Leo amekuja mjane wa askari wa kambini, kitambaa cheusi kichwani, kuchukua video ya ndoa yao. Hawakuwahi kuifuata, maana mumewe alitumwa vitani wiki ileile.

Badala ya kuitafuta, mpiga video akaanza maneno yake ya kila siku.

“Kamera hii mupya inaona muzuri, mama, lakini karte yake ya kuweka picha ikijaa, tunafuta. Ile ya zamani iko nzito, picha yake iko na ukungu, lakini kaseti inachunga bintu, haifutwe.”

“Na ya kwetu, papa, ulikamataka na kamera gani?”

Akapangusa tena lenzi iliyokuwa safi.

“Na mupya, mama. Bwana yako alitaka sura yake ionekane muzuri.”