Migomba ya Mtu Aliyeazima Shamba

Huku kwetu Kituntu, mtu ukimwazima shamba anapanda maharage. Akizidiwa na njaa, mahindi. Mgomba hapandi, wala kahawa, maana anayepanda kitu cha kudumu ana nia ya kudumu nacho. Mama alilijua hilo kuliko sisi wote. Lakini jirani tuliyemwazima kipande cha nyuma, pale alipozikwa baba, alipotokea mlangoni na mkungu wa ndizi alioukata humo humo, mama aliupokea kwa mikono miwili na kushukuru. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa jembe, akachukua na shamba.

Kwenye baraza la ardhi hakupepesa macho.

"Kaburi ni lao, shamba ni langu. Huyu mama alinipa. Kama ni lake, mbona alipokea mkungu wangu wa kwanza akashukuru?"

"Mwanangu," mama alimjibu, "mkungu umeletwa mpaka mlangoni, ningeukataaje?"

Nilimkasirikia yule mtu mpaka hasira yenyewe ikachoka. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Mara shahidi mgonjwa, mara mjumbe yuko msibani, mara mvua imekata njia. Kila tukirudi mama alikaa kitandani na kitenge chake cha kanisani, akaniambia neno lilelile: shamba wangegawana hata na nyani, yeye alitaka nafasi yake tu, ubavuni pa baba. Nikamwahidi.

Alifariki kesi ikiendelea. Baraza lilikuwa limeweka zuio: mtu asilime eneo lile wala asichimbe, mpaka hukumu. Niliomba ruhusa ya kaburi moja. Nikaambiwa niandike maombi, yatapangiwa tarehe. Maiti haingoji tarehe. Tukamzika mbele ya nyumba, karibu na barabara, pikipiki zikipita. Jirani alikuja kusaidia kuchimba, akatoa na pole. Sikuwa na nguvu ya kumfukuza.

Hukumu imetoka majuzi. Tumeshinda. Jirani ameamriwa kuondoka, na ameondoka bila ugomvi, migomba yake kaiacha imesimama. Wadogo zangu wanasema haki imetendeka. Sikubishana nao, nimechoka kubishana. Nilikwenda peke yangu nikasimama kando ya kaburi la baba. Nafasi ipo, pana kabisa, na sasa sheria inasema ni ya mama.