Betri Haianikwi

Mmoja alisema kibanda changu hakitamaliza kiangazi. Mwingine akasema mtu anayekwenda ng'ambo na kurudi na begi la betri za simu, huyo alikwenda kutembea tu. Pale kijijini kwetu Iguguno waliniita Bwana Stashahada, na mimi niliitika, maana stashahada ya umeme nilikuwa nayo kweli.

Ilikuwa miaka ya soko huria, kila bidhaa imeruhusiwa kuingia, na simu za mkononi zilikuwa zimefika hadi kwa wafugaji. Huko ng'ambo nilifanya kazi katika karakana ya kupima betri: nilizitoboa kwa msumari nione ipi itawaka. Kibanda nilikijenga kwa kuazima kwa watu. Huyu alinipa mabati, yule gunia la alizeti. Shangazi alitoa mbuzi jike wawili, ndio wote aliokuwa nao, nikawauza niongeze betri. Ningeshindwa, angebaki na zizi tupu.

Na nilikaribia kushindwa. Mnadani betri za bei poa ziliuzwa kwa mafungu kama nyanya. Tena kwetu betri ya redio ikiisha nguvu huanikwa juani ikaamka, basi watu wakaanika na za simu. Betri ya fungu ya jirani yangu ilianikwa kwenye turubai moja na alizeti. Ikavimba, ikawaka, ikala nusu ya mavuno. Kufika jioni lawama zilikuwa kwangu.

"Betri ni betri," walisema. "Bwana Stashahada atatuchomea kijiji."

Shangazi akaja kibandani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbuzi wangu hawajambo?"

"Wamo humu, ndani ya betri."

"Mbona siwasikii wakilia?"

Nikamweleza. Maji yaliyomo ndani ya betri ya simu hushika moto upesi kama petroli. Watengenezaji waangalifu huyachanganya na dawa ya kuzuia moto. Dawa hiyo haigeuzi betri kuwa jiwe, lakini moto ukitaka kuruka, inaukaba koo. Betri nilizochagua mimi zilikuwa nayo.

"Umeona kwa macho?"

"Mara nyingi, shangazi."

"Wao hawajaona. Waonyeshe."

Siku ya mnada nilichaji betri kadhaa zikajaa, nikachukua mbili, moja ya fungu na moja yangu, nikazilaza juu ya mchanga. Shangazi alileta mchi wake wa kutwangia mtama. Nikakaza msumari kwenye ncha yake, makali yakitokeza nje, nikawasogeza watu nyuma.

"Leo msomi anatwanga nini?" muuza mafungu akapaza sauti.

"Anatwanga biashara yako!" shangazi akamjibu kabla yangu.

Nilipoitwanga, betri ya fungu ilifoka moto wa urefu wa mkono, ncha ya mchi ikawa nyeusi. Nikauhamishia mchi kwenye betri yangu. Betri ikalia chiii, ikatoa moshi, ikavimba, ikafa. Moto haukuonekana.

"Rudia!" watu wakadai.

Nikarudia kwa nyingine, na nyingine tena, betri zangu mwenyewe, kwa raha zote. Kisha wakanizonga kununua.

"Ila hata hizi haziwekwi juani," nikawaambia.

"Sasa dawa ya nini?" mzee mmoja akauliza, na mnada mzima ukacheka, mimi nikiwa wa kwanza.

Msimu wa alizeti uliofuata nilirudisha kila kitu kwa siku moja, kwa mkokoteni wa punda. Mabati yakashuka, gunia likashuka. Nilipita hata milangoni kwa wale waliosema sitaweza, ingawa hawakunidai kitu, na punda sikumharakisha.

Nilimalizia kwa shangazi: mbuzi jike wawili, wote wana mimba, na mchi mpya wa mti mgumu. Mbuzi aliwapokea kwa vigelegele. Mchi akaurudisha mkokotenini.

"Huu hauna habari," alisema. "Wangu nimeugeuza tu, sehemu iliyoungua iko juu, kila anayepita aulize."

Nilipokuwa naondoka na mkokoteni uliobaki na mchi tu, alikuwa ameshaanza kutwanga.