Joka Lililomuua Tonton Paluku

Chekeni sasa mmalize, maana hata leo nikikutana na wale mama wa shirika letu la sala sokoni Tshopo, nageuza njia. Miaka ile vita vilikuwa vimeshika Kivu kwetu, na tantine Kavira, shangazi yangu ninayeishi naye, alikuwa amekimbilia Kisangani na watoto, mumewe, tonton Paluku, akabaki kule kulinda duka (simu yake aliizima karibu siku nzima, umeme hakuna). Kila Jumapili majirani wa kwetu Kivu walikuja uani kusali rozari ya amani, na mtu akichungulia simu katikati ya sala hakuna aliyemsema, sote tulikuwa tukingoja habari za nyumbani.

Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikaitumia huruma hiyo kucheza. (Mchezo wa kale wa kompyuta, wa kuongoza shujaa mapangoni, rafiki alinitilia kwenye kisimu changu, maandishi madogo kama chawa.) Siku hiyo nilikuwa mbele ya joka nililolitafuta mwezi mzima, nikataka kubonyeza neno la kunywa dawa, kidole gumba kikafunika nusu ya kioo, kikabonyeza la kuitupa, na joka likanimaliza. "Mungu wangu!" nikapiga kelele, na machozi yakanitoka kweli.

Rozari ikasimama. Papa Anselme, kiongozi wa sala, akauliza, "Kuko nini kule kwetu?" Na mimi, badala ya kukiri, nikasema, "Tonton Paluku... iko mugonjwa kidogo."

Jamani! Sisi watu wa kule, mtu akifa mbali hatusemi amekufa, tunasema anaumwa, ili moyo uzoee. Nalijua hilo tangu utotoni. Kabla sijafunga mdomo tantine alishakaa chini, kitambaa kimemtoka kichwani, na wamama wanalia.

"Hajakufa!" nikasema.

"Masikini, anakataa," wakanishika mabega.

"Nilikuwa nacheza!"

"Akili imemutoka. Mulete maji!"

Wakanimwagia. Turubai likafika, viti vikafika, sombe ya majani ya muhogo ikapikwa (nikala, siwafichi). Mwishowe nikamtia Papa Anselme simu mkononi. Akavaa miwani, akaisogeza simu karibu, akaiweka mbali.

"Bon, huyu mwenye kulala hapa ni nani?"

"Ni mimi, papa. Joka limeniua."

Akavua miwani. "Donc ulisimamisha rozari ya Bikira Maria juu ya joka la mchezo."

Watu wakaangua kicheko, isipokuwa tantine. Yeye hakutaka habari za mchezo, alitaka sauti ya mumewe. Tulipiga ile simu iliyozimwa hadi kesho yake mchana, mimi nimeketi kando yake napiga tu, na aibu ikageuka hofu, maana sasa hata mimi sikujua tena kama yuko hai.

Tonton alipopokea, tantine aliishika simu kwa mikono miwili akaanza kulia.

"Allô? Allô! Munamaliza betri yangu! Nani amekufa?" tonton akafoka.

Tantine akacheka huku analia, akanisukumia simu. "Mujibu wewe."

Siku ile ile niliufuta mchezo. Na tangu hapo nikifumaniwa na upuuzi wangu nausema ulivyo, maana aibu ya dakika tano haijawahi kumfanya mke wa mtu alie kilio cha mjane, uongo ndio humfanya.