Picha ya Mkono Mmoja

Jina la Bluu alibandikwa na wauza mitumba wa sokoni, kwa sababu ya rangi iliyokataa kutoka kwenye vidole vyake hata aoshe vipi. Hakulichukia. Alisema afadhali hilo kuliko majina aliyokuwa akiitwa na baba yake, ambaye mpaka anafariki alishikilia kwamba mwanamke anayechora kuta za watu amekosa kazi na amekosa mume. Kipi kati ya hivyo viwili kilimuuma mzee zaidi, hakuna aliyejua.

Alianza na vibao vya maduka. Kinyozi akitaka kichwa chenye mistari ubavuni, anachora Bluu. Fundi viatu akitaka kiatu kinachong'aa kuliko vyote alivyowahi kushona maishani, anachora Bluu. Lakini vibao ni vidogo na yeye mambo madogo hayakumtosha. Siku moja alisimama mbele ya ghala kuukuu linalotazamana na soko, akautazama ukuta wake mrefu wenye madoa ya mvua na tangazo la dawa ya mende lililochanika, akasema kwa sauti, bila kujua anamwambia nani, "Huu ni wangu."

Haukuwa wake, bila shaka. Ulikuwa wa tajiri fulani ambaye hakuna aliyewahi kumtia machoni. Watu wa manispaa walipaka rangi ya kijivu juu ya mchoro wake wa kwanza, wakapaka tena juu ya wa pili. Walipokuja mara nyingine aliwakuta wanakoroga rangi yao kwenye ndoo, akawaambia wanatia maji mengi mno, kijivu chao kitabanduka kabla ya mvua. Kisha akakaa kando akingoja wamalize, na walipoondoka akapanda juu kuanza upya.

"Wao wana ndoo, mimi nina kichwa kigumu," alimwambia mama yake. "Tutaona kipi kitaisha kwanza."

Ndoo ndiyo iliyoisha. Manispaa walichoka, wakahamia kusumbua wauza mahindi.

Kufikia wakati huo Bluu hakuwa peke yake. Mdogo wake wa kike, fundi cherehani, alikuwa akimkatia violezo vya maboksi kwa mkasi uleule wa vitambaa, jambo ambalo kwa mafundi wote ni dhambi, na akiulizwa anajibu kwamba mkasi ni wake na dhambi ni yake. Alianza kwa kukata, mara akashika brashi, mara hakuiachia tena. Wa tatu alikuwa Kobe, mpiga rangi wa magari pale gereji, mtu mzima mwenye mvi za kwenye ndevu. Aliitwa Kobe kwa sababu hata ukimuuliza saa ngapi, atafikiri kwanza. Lakini gari lililopondwa likipita mikononi mwake lilitoka kama halijawahi kusikia habari ya ajali.

Mwanzoni waligombana kama paka. Kila mmoja alitaka upande wa ukuta unaoonekana vizuri kutoka barabarani, na kila mmoja aliweka sahihi kubwa kuliko ya mwenzake, mpaka pembe ya ukuta ikawa imejaa majina kuliko picha. Mama wa kina dada hao alipopelekwa kuangalia, aliulizwa ni wapi palipompendeza. Akaonyesha jicho la mchukuzi mmoja aliyebeba gunia. Wote watatu wakadai kwa pamoja kwamba jicho hilo ni kazi yao.

Mama akawatazama mmoja mmoja. "Kama wote mmelichora," alisema, "mbona mnanipigia kelele mimi?" Akaenda zake kununua vitunguu.

Waliona haya, na tangu siku hiyo wakaanza kupokezana. Kobe akipiga mluzi, kila mmoja anaacha pale alipofika, hata kama ni katikati ya pua, anasogea kwenye sehemu ya mwenzake na kuendelea nayo. Hakuna kuomba ruhusa, hakuna kununa. Picha haikuhesabiwa kwamba imekwisha mpaka mikono yote mitatu iwe imeipitia. Ile iliyopitiwa na mkono mmoja tu waliiita mbichi, na yeyote aliyeiona alikuwa na haki, tena wajibu, wa kuishika. Sahihi wakaachana nazo kabisa.

Kwa mtindo huo waliwachora wachukuzi wa soko, wanawake kwa wanaume, warefu kufikia paa la ghala, na mizigo yao begani. Wachukuzi wenyewe walikuja kusimama chini ya picha zao na kubishana nani ni nani. Mpita njia mmoja akapiga picha kwa simu, Bluu akiwa juu kabisa, akipaka paji la uso. Picha hiyo ikazunguka kwenye simu za watu ambao hawajawahi kukanyaga soko lile.

Ndivyo Madam alivyofika. Alikuwa mwenye jumba la sanaa la upande ule wa mji wenye miti na vivuli, mwanamke wa maneno machache na viatu visivyo na vumbi.

"Msanii ni nani?" aliuliza.

Kobe akafikiri. "Sisi," alijibu.

Madam akatabasamu, lakini macho yake yalikuwa kwa Bluu. Siku chache baadaye alimwita ofisini kwake, peke yake, akamwagizia kahawa.

"Nataka kufanya maonyesho yako," alisema.

"Yetu," Bluu alimrekebisha.

"Watu wanaokuja hapa wanamtaka mtu. Wanataka jina la kukumbuka na uso wa kuutazama. Kikundi hakina uso."

"Sisi tuna nyuso tatu."

"Na mimi nina mlango mmoja wa kuandika jina." Madam akamsogezea kikombe. "Ingia wewe kwanza. Ukishakaa vizuri, utawavuta wenzako. Ndivyo mambo yalivyo."

Hapo ndipo kichwa kigumu kilipolainika. Tusimrukie haraka. Mtu amefukuzwa kwenye kuta miaka na miaka, amemwagiwa maji na wenye maduka, ameitwa mhuni na baba yake mzazi, leo anaambiwa kuna kuta nyeupe zenye taa zinamngoja yeye. Hata wewe ungekunywa ile kahawa. Bluu aliinywa, akakubali, na njia nzima ya kurudi aliapa kwamba atawaambia wenzake jioni hiyohiyo.

Jioni hiyo alimkuta Kobe ameleta mbao alizozipiga msasa mpaka zinateleza, kwa ajili ya maonyesho "yetu". Mdogo wake alikuwa ameshaanza kumshonea Kobe shati la kuvaa siku ya ufunguzi, na Kobe alikuwa amesimama mikono juu akipimwa, uso umemng'aa kama bwana harusi. Bluu akasema moyoni, kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Mbao nane walizichora kwenye chumba cha nyuma cha duka la cherehani, kwa kupokezana kama kawaida yao. Ubao wa tisa ulikuwa ni agizo la Madam: alimtaka msanii ajichore mwenyewe. Huo Bluu aliuchorea kwenye stoo ya jumba la sanaa, bila kumwambia mtu. Alijiweka juu ya ngazi ndefu, brashi mkononi, anga tupu nyuma yake. Ilikuwa picha nzuri. Hata hivyo, kila alipomaliza kazi aliigeuza itazame ukuta.

Siku ya ufunguzi ikafika. Madam alimsimamisha Bluu mlango wa mbele asalimie wageni, na juu ya kichwa chake jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi nyeusi ndefu kama mkono wa mtu. Lake peke yake. Alikuwa anacheka na watu na jasho linamtoka mgongoni, maana alijua jioni ile haitaisha kabla hajapata jina na kupoteza watu wawili, au kinyume chake, na yeye alivitaka vyote.

Kobe na mdogo wa Bluu hawakuyaona maandishi hayo. Ubao mmoja ulikuwa umechubuka wakati wa kubebwa, kwa hiyo Bluu alikuwa amemwomba Kobe aje na rangi kidogo auzibe kabla watu hawajajaa. Wawili hao waliingia kwa mlango wa nyuma wa mizigo, Kobe na shati lake jipya, makopo ndani ya mfuko. Akauziba ule mchubuko taratibu, akarudi nyuma kuhakiki, na ndipo macho yake yalipoangukia ubao wa tisa.

"Hii nani kaishika?" alimuuliza mdogo mtu.

"Dada. Huo mkono wake."

"Na wewe?"

"Mimi ndiyo kwanza naiona."

Kobe akafikiri. "Basi bado mbichi," alisema, akachovya brashi.

Hakuna aliyemzuia. Mlinzi alikuwa karibu, lakini mtu anayechora kwa utulivu namna ile, nani atadhani hakutumwa? Madam alipofika na kundi la wageni, Bluu akiwa katikati yao, chini ya ile ngazi kwenye picha palikuwa na mikono miwili mikubwa yenye makovu ya gereji, imeikamata miguu ya ngazi sawasawa.

"Mkamate huyo," Madam alimwambia mlinzi. "Na leteni kitambaa na thina upesi, rangi haijakauka."

Mlinzi akamshika Kobe kiwiko, rangi ikamdondokea kwenye shati. Kobe alishangaa kwa dhati kabisa.

"Sijaharibu kitu," alisema. "Alikuwa anaanguka huyu. Ngazi ndefu hivi, hakuna mtu chini wa kuishika? Angekufa."

Mgeni mmoja akacheka. Bluu hakucheka. Alihisi aibu imempanda mpaka masikioni. Katika miaka yote aliyokaa juu ya ngazi hakuwahi kuinama hata mara moja kutazama kama kuna mtu ameishika. Hakuwahi kuhitaji. Na alipojichora kwa mkono wake mwenyewe, chini aliacha patupu, wala hakuona kama kuna kilichopungua.

Madam alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayetaka kumsaidia. "Sema tu ni msaidizi wako, alikosea. Tunafuta, tunaendelea."

Mfanyakazi alikuwa ameshafika na kitambaa kinachonuka thina. Bluu akaenda akasimama kati ya kitambaa na ubao.

"Usifute."

"Ni dakika moja tu, dada," alisema mfanyakazi.

"Ukifuta mikono hiyo, nifute na mimi niliyeko juu, maana sitakuwa na pa kusimama." Kisha akawageukia wageni, na sauti ilikuwa ileile aliyokuwa akiwasemeshea watu wa manispaa. "Huyu si msaidizi wangu. Mbao nane mnazoziona ni za watu watatu: mimi, yeye, na yule mdogo wangu pale. Jina lililoko mlangoni ni moja kwa sababu nilikubali liwe moja. Sikulazimishwa. Nilikuwa na hamu ya kuingia humu, nikawadanganya wenzangu kwa kunyamaza. Huu wa tisa nimeuchora peke yangu, na ndio mbovu kuliko yote."

"Fikiri vizuri," Madam alisema. Sasa hakuwa anasaidia. "Wenye majumba ya sanaa mji huu tunajuana wote."

"Andika majina matatu, au futa hilo moja. Mbao zibaki."

"Siwezi kufanya hivyo mbele ya wageni."

"Basi usihangaike na lolote. Tutaziteremsha wenyewe, tumezoea kubeba."

Wakati wanavutana, Kobe alikuwa ameponyoka mkononi mwa mlinzi, akaenda mlangoni kusoma. Alisimama pale muda mrefu, amewapa mgongo. Bluu aliuogopa mgongo ule kuliko alivyomwogopa Madam na majumba yake yote. Aliporudi hakumtazama mtu. Alinyoosha mikono, akautungua ubao wa kwanza ukutani.

Walitoka na mbao hizo kwa mlango wa mbele, moja baada ya nyingine, jua bado linawaka, wakipita katikati ya wageni walioshika bilauri za juisi. Wengine walisogea kando kama wanaopisha maiti. Bibi mmoja aliwafuata mpaka nje akauliza ataziona wapi tena kazi hizi.

"Ukutani, mbele ya soko," Bluu alimwambia. "Ule haufungwi."

Mbao zikapangwa nje, zimeegemezwa kwenye uzio. Bluu alimsogelea Kobe, aliyekuwa akilitazama lile doa kwenye shati.

"Kaka, sema neno."

"Nitasema," alijibu Kobe. "Bado nafikiri."

Ukabaki ule wa tisa. Kwa vile ulikuwa na rangi mbichi ya Kobe, ilibidi wautoe wawili, Bluu na mdogo wake, wameushika kwa ncha za vidole.

"Umenikasirikia?" Bluu aliuliza, walipofika kizingitini.

"Sana. Na nyumbani kwangu usije wiki nzima." Akainua upande wake. "Haya, nyanyua huko chini, usiishike hiyo mikono."