Saini Niliyoiondoa

Tulikuwa washauri wanne katika kamati ile ya mambo ya kompyuta, nami nilikuwa mdogo kuliko wote: mwalimu wa chuo, mzaliwa wa mji wa kale wa Malindi. Niliitwa Kilifi kwa sababu mwenyekiti alikuwa amenifundisha zamani na aliipenda kazi yangu. Idara moja ya serikali ilitaka ushauri wetu. Wagonjwa wa presha na sukari katika zahanati za vijijini wangeacha kadi zao za karatasi na kutambuliwa kwa alama za vidole. Kidole kikikubaliwa, dawa itolewe. Kikikataliwa, isitolewe, maana dawa zilikuwa zikipotea na mfumo huo ulikusudiwa kuziba mwanya.

Niliuliza swali moja tu: kidole kisiposomeka, je? Mtaalamu wa kampuni iliyoleta mashine akajibu kwamba hilo hutokea kwa nadra mno. Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani, bila ukali, kama alivyonitazama darasani nilipokuwa nikiwachelewesha wenzangu. Nikanyamaza. Waraka ulipofika kwangu nikatia saini.

Majuma mawili baadaye nilitumwa kwenye zahanati ya kijiji cha Adu kuangalia majaribio. Karani wa zahanati, binti wa kutoka bara ambaye ndiyo kwanza ameajiriwa, alikuwa ameketi na mashine mezani. Wagonjwa wa mwanzo walipita vizuri, na sifichi, niliona fahari. Kisha akaja bibi mmoja aliyejifunga leso kiunoni. Nilimwamkia, nikamwita hawe, kama Wagiriama wanavyowaita bibi zao. Akaweka kidole gumba. Mashine ikawaka taa nyekundu. Akaweka cha pili, cha tatu, mkono wa pili. Nyekundu.

Nikamshika mkono kuutazama. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi na laini, hazina hata mstari.

"Niwie radhi, mwanangu," akasema. "Ni korosho. Nimebangua tangu usichana wangu, na yale mafuta ya maganda yanakula ngozi."

Aliomba radhi yeye. Mimi niliyetia saini nilisimama tu nimeushika mkono wake. Nikageuka kuitazama foleni, nikaona wanawake wengine wakivichungua vidole vyao wenyewe.

Karani alisema hana la kufanya. Kila kidonge kilikuwa kimeingizwa kwenye mfumo, na alikwisha kuonywa kwamba kikipungua kimoja, ni juu yake. Kadi za zamani zilikuwa zimekusanywa zote ndani ya gunia pale pembeni, zikingoja gari la kuzipeleka Kilifi.

Simu haikushika mtandao mpaka nilipopanda mwinuko nyuma ya zahanati. Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema niliandike jambo hilo kwenye ripoti, tulizungumze mwisho wa mwezi. Nikamwambia dawa za yule bibi zilikwisha jana.

"Kanuni tumeitunga sisi," akanijibu. "Ukiivunja wewe, nani ataishika?"

Simu ikakatika, au aliikata yeye. Sijui hadi leo. Nilibaki pale juani. Kazi yangu chuoni ilikuwa ya mkataba, na neno lake ndilo lililoufanya urefushwe kila mara. Nakiri kwamba nilifikiria mkataba kwanza, kisha ndipo nikamfikiria hawe.

Niliposhuka nilimwomba karani alifungue gunia. Hakutaka. Nikachukua daftari, nikaandika kwamba wote waliokataliwa na mashine wapewe dawa kwa kadi zao, kwa agizo langu, nikaandika jina na nambari ya kitambulisho. Aliyasoma maneno yale mara mbili.

"Wakinifukuza, mwalimu?" akauliza.

Nikamwambia waniulize mimi. Sikuwa na hakika kama maneno hayo yangemkinga na lolote. Akalifungua kabati la dawa, nami nikaketi sakafuni kuzitafuta kadi ndani ya gunia, moja baada ya nyingine, huku nikiyaita majina.

Jina moja halikuitikiwa. Jirani yake aliyekuwa kwenye foleni alisema mzee huyo alikuwa amekataliwa na mashine nilipokuwa kule juu, naye akashika njia kurudi kwao, mbali. Tukazifunga dawa zake, jirani akaahidi kuzifikisha atakaporudi kwao. Niliondoka Adu sijui kama zingefika.

Kesho yake nilipeleka Kilifi barua ya kuiondoa saini yangu. Tuliitwa sote. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba nimetawaliwa na huruma, na kwamba mfumo hauwezi kujengwa juu ya huruma. Mtaalamu wa kampuni alisema yale yale ya nadra. Nikawaambia kwamba anayesema nadra hajasimama mahali ambapo watu hubangua korosho. Ofisa mkuu wa idara, mwanamke aliyekuwa hajatia neno tangu tuingie, akafunga faili lake.

"Ulipotia saini, ulikuwa na shaka?" akaniuliza.

"Nilikuwa nayo," nikasema. "Niliuliza mara moja, nikanyamaza."

Hakunilaumu wala kunisifu. Aliagiza kadi zirudishwe zahanati zote na zitumike pamoja na mashine, mpaka ipatikane njia ya wale wasiosomeka. Karani asiguswe. Kisha akanishukuru kwa utumishi wangu, nami nikaelewa kwamba utumishi wenyewe umekwisha.

Mkataba wangu haukurefushwa. Siku hizi nafundisha kompyuta katika shule moja huko Magarini. Mwenyekiti nikikutana naye Malindi ananiitikia salamu, tunaulizana hali za nyumbani, basi.

Karani alinipigia simu juma moja baada ya kikao kile. Dawa zilimfikia yule mzee siku ya tatu, zikamkuta ameanguka kwa kiharusi; wakampeleka hospitali. Alirudi kwake baada ya majuma mengi, anaburura mguu mmoja. Nilikwenda kumtazama. Alinikaribisha kiti, akaniuliza mimi ni wa nani, nikamwambia ndimi niliyekuwa zahanati siku ile. Akasema hakuniona. Nilimweleza habari yote, na ile saini ya kwanza pia. Alinisikiliza akiusugua mguu, halafu akamwita mkewe aniletee maji ya kunywa.