Mpira Mpya wa Kabureta

Fundi Fanueli wa pale Mpemba, karibu na Tunduma, alikuwa na sheria moja iliyowaudhi wateja: akiwasha pikipiki yako, unyamaze. Cherehani yangu ilikuwa ukuta kwa ukuta na gereji yake, na sijui ni mara ngapi alinifokea nizime redio kwa sababu anasikiliza injini ya mtu. Waliovuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, walimwita Ba Fundi na kumvumilia, maana kazi yake ilikuwa ya uhakika.

Ubingwa wake ulikuwa kwenye pikipiki zinazokosa sailensi. Unaachia mafuta ili ingurume taratibu imesimama, yenyewe inapanda, inashuka, inakohoa, kisha inazima. Mafundi wengine hukimbilia kupandisha skrubu ya kabureta injini ingurume kwa nguvu, mteja aondoke anacheka. Fanueli aliwaita matapeli. Yeye alivuta petroli kidogo kwa bomba la sindano, akaidondosha kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini, pikipiki ikiwa inawaka. Mngurumo ukibadilika, basi mpira una ufa na hewa inapenya.

“Skrubu haitibu,” alikuwa akisema. “Skrubu inaficha.”

Sasa tazama mambo ya binadamu. Mwanawe wa pekee, Clever, aliendesha bodaboda, na katika pikipiki zote za Mpemba yake ndiyo iliyokohoa kuliko zote. Mganga hajigangi. Kila Clever alipoileta kulikuwa na mteja mbele yake, na baba akamwambia kesho. Marita, mama yake, aliuzoea mlio ule mbovu; akiusikia unakata kona, anabandika maji ya ugali. Jumatano moja ya mwaka 2012 Clever aliposisitiza sana, Fanueli alichukua bisibisi akapandisha skrubu. Niliona kwa macho yangu. Alimwambia itamsogeza mpaka Jumapili, siku ambayo hana wateja.

Jumapili ile tulimzika. Ijumaa lori lililokatika breki lilikuwa limemgonga kwenye barabara kuu, njia ya Vwawa. Trafiki walisema ni breki, lakini msibani dereva mmoja wa bodaboda, mwenzake Clever, aliyekuwa mbali nyuma siku ile, akatamka kwamba pikipiki ilizima katikati ya barabara. Watu wengine bora wangejaza midomo yao ugali. Neno lile lilimwingia Fanueli akashindwa hata kulia. Akawa ananitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeiona skrubu. Sikumfariji. Nakiri nilimkasirikia, kwani Clever ndiye aliyekuwa akiniletea vitambaa vyangu kutoka Tunduma mjini, na hakuwahi kunichelewesha.

Gereji ilifungwa miezi miwili. Kisha polisi wakairudisha pikipiki. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda na taa zimevunjika, ila injini ilikuwa nzima. Ndugu walimshauri aiuze kama chuma chakavu, asiiangalie tena. Akakataa, akaja mlangoni kwangu.

“Mama Tumpe, njoo ushuhudie,” akasema. “Kama ni mimi niliyemuua mwanangu, nataka na mtu mwingine ajue.”

Nilizima redio bila kuambiwa. Aliiegemeza pikipiki kwenye gogo, akatia petroli, akasafisha plagi, akapiga kiki mara tatu. Ikawaka. Tukasubiri ikohoe. Haikukohoa. Alivuta mafuta akaachia, na injini ikarudi palepale, ikatulia. Alidondosha petroli kwenye mpira, mngurumo haukubadilika. Ndipo akainama, akafuta vumbi kwa kitambaa. Mpira ulikuwa mpya, bado una alama ya chaki ya dukani, na ile skrubu aliyoipandisha ilikuwa imeshushwa mpaka mahali pake.

Basi haikuwa imezima. Kweli ilikuwa breki ya lori. Nilidhani angeshusha pumzi, lakini aliniangalia kama mtu aliyeibiwa. Aliiacha pikipiki ikinguruma, akavuka barabara kwenda duka la vipuri la Lusungu, mwenye chaki ile, nami nikamfuata.

Lusungu hakumficha. Clever alinunua mpira ule asubuhi ya Ijumaa ileile, akaazima spana, akaufunga mwenyewe pale nyuma ya duka, akiisikiliza injini kama alivyomwona baba yake akifanya tangu utotoni.

“Kwa nini hukuniambia?” Fanueli akauliza.

“Alinikataza, baba. Alisema, ‘Usimwambie mzee, ataona vibaya kwamba nimejitengenezea. Nitamwambia skrubu yake imefanya kazi.’”

Fanueli alirudi akiwa ameshika mkono wangu, mtu ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi hata kunisalimia kwa mkono. Alikaa juu ya tairi kuukuu kando ya pikipiki, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia kaburini. Alisema mtoto alichoka kumsubiri, na bado akamwonea huruma.

Marita alitokea kwenye nyumba yao nyuma ya gereji, mikono imelowa maji; kwa mngurumo ule hakuwa amekisikia kilio.

“Baba Clever, umepata mteja?” akauliza. “Pikipiki ya nani hiyo?”

Nikajibu mimi kwamba ni ya Clever. Marita alisimama akaisikiliza kitambo, ikinguruma vizuri bila kosa lolote.

“Mimi siujui mlio huo,” akasema, akarudi jikoni.